Chandarua tumboni mwa wavu

Wavu ule ulioanikwa Kituku, kando ya Ziwa Kivu, mmeuona, sina haja ya kuueleza sana. Mitumbwi mitatu imefungwa vizuri, miti ya mkaratusi imenyooka, kamba zina urefu mmoja, mawe ya pembe nne yamelingana uzito. Kazi safi. Kisha fundi aliyeutengeneza akakata tumbo la wavu na kushonea chandarua. Hapo akaharibu yote.

Hoja yake tumeisikia: jicho la wavu likiwa dogo, hakuna kinachopita. Ndivyo anavyofikiri mtu asiyewahi kushika kamba. Wavu wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, unakamata kwa kasi ya kupanda. Taa zimeshawavuta katikati, ekipe, yaani kikosi cha wavuvi, imenyamaza, ishara inatolewa, watu wanavuta kwa pamoja. Wavu wa kawaida unachuja maji huku ukipanda. Chandarua kinayabeba, kama shuka linaloinuliwa kutoka kwenye beseni. Maji yaliyokosa pa kupenya yanasukumwa juu na kukimbilia pembeni. Sambaza huuhisi msukumo huo mapema, naye hufuata mkondo kwenda nje. Wakubwa, wenye mbio, wanatangulia kutoroka. Wanaobaki ni vifaranga. Huku nyuma miti inapinda, mikono inachoka, na wavu unaanza kupanda upande mmoja.

Kwa hiyo hata ukiweka kando sheria za uvuvi, hata ukisahau kesho, kifaa hiki kinashindwa kazi yake ya usiku huohuo. Na kama chandarua kilitoka kwenye mgao wa malaria, kina dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Nani alimshauri?

Msiniambie ziwa ni kubwa. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini oksijeni inaishia kwenye mita 60 au 70. Chini ya hapo ni maji yenye gesi iliyoyeyuka. Hakuna akiba ya sambaza iliyojificha huko. Kifaranga unayemzoa leo hana wa kumrithi kutoka kilindini.

Nimeshasema, na nitarudia: siku hizi kila shida ya uvuvi inatafutiwa dawa dukani. Jana ilikuwa taa. Za betri ni nzuri, nakubali, hazili mafuta. Lakini ekipe nyingi zinaziacha zote ziwake mpaka wavu unafika juu, halafu zinashangaa samaki wametawanyika. Wazee wa karabai, zile taa za mafuta, walizima moja baada ya nyingine mpaka ikabaki ya katikati, kundi likabanana chini yake, ndipo wakavuta.

Na kabla yao kulikuwa na mabingwa wa Tanganyika, ziwa ambako sambaza wetu walitolewa mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikoka moto kwenye mtumbwi na kuchota dagaa kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu. Hawakuwa na nailoni wala betri. Walijua tu kwamba mkono ukichelewa, samaki ameshaondoka. Fundi wetu, mwenye vifaa vyote hivi, ameushonea mkono wake uchelewe.

Ufundi anao, hilo silibishi. Afumue nyuzi, arudishe tumbo la wavu halisi wa sambaza, kisha aanike tena palepale. Nitamsifu kwa mstari mmoja, kama ninavyozifanyia kazi njema zote.