Ari, Saa na Lawama: Uhakiki wa Usanifu wa Pigano la Tanga la 1914 katika Mchezo wa Mkakati wa Zamu

Sehemu hii inahakiki namna pigano ambalo matokeo yake yanajulikana linavyogeuzwa kuwa kanuni za mchezo wa mkakati wa zamu. Pigano la Tanga la Novemba 1914 limeteuliwa kuwa kielelezo kwa sababu matokeo yake yalikwenda kinyume na hesabu. Jenerali Aitken alifika na kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck alimkabili akiwa na wapiganaji wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Hata hivyo, kikosi cha Aitken kilipoteza watu zaidi ya 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka, kikarejea melini.

Njia rahisi ya kuyapata matokeo hayo mchezoni ni kuvipa vikosi vya Kihindi alama ndogo ya ari. Uhakiki huu unaipinga njia hiyo. Ni kweli kwamba baadhi ya vikosi vilivunjika; lakini askari wa Kashmir na Magurkha walipenya hadi ndani ya mji. Aidha, watu hao walikuwa wamekaa melini kwa wiki kadhaa, kisha wakaingizwa katika vichaka na mashamba pasipo upelelezi wa kutosha. Kuwapa alama ndogo tangu mwanzo ni kuligeuza kosa la uongozi kuwa tabia ya kuzaliwa ya aliyeongozwa. Lawama hujificha ndani ya tarakimu, na mchezaji huipokea kana kwamba ni historia.

Chanzo chenye uzito zaidi ni saa. Tarehe 2 Novemba, manowari Fox ilitangulia kuwaarifu wakuu wa mji kuhusu uhasama. Shambulio la alfajiri ya tarehe 3 lilirudishwa nyuma, na shambulio kuu likaja tarehe 4. Katika muda huo, reli ilileta askari kutoka upande wa Moshi. Kwa hiyo, pigano linaloanza tarehe 4, majeshi yakiwa yamekwisha kupangwa, limekiacha nje chanzo chake. Linapaswa kuanza tarehe 2, ili kila zamu anayoipoteza mshambuliaji ufukweni iwe behewa jingine la askari kwa mlinzi.

Suala la pili ni kuona. Katika bao, kete zote zi wazi kwa wachezaji wote wawili. Vita havichezwi hivyo. Mchezo wa kivita wa Reisswitz wa 1824, kule Prussia, ulimweka mwamuzi aliyemwonyesha kila kamanda kile tu ambacho angeweza kukijua. Leo kompyuta inaweza kuishika nafasi hiyo. Nyuki mashuhuri wa Tanga nao, kwa kuwa waliwauma watu wa pande zote mbili, wawe bahati nasibu, wala si silaha ya Wajerumani.

Huenda ikahojiwa kwamba mchezaji anayeijua historia ataharakisha, na Tanga itaanguka. Hoja hiyo haiubatilishi usanifu huu, inauthibitisha. Uaminifu wa pigano la mchezoni haupimwi kwa kurudia matokeo, bali kwa kumfanya mchezaji alipe gharama ya kosa lilelile lililolipiwa na askari. Akishinda kwa kuharakisha, atakuwa ametambua kwamba waliolaumiwa hawakuwa ndio waliochelewa.