Bahari, Hasara na Dhana ya Utajiri katika Al-Inkishafi

Aghalabu Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, husomwa kama mawaidha ya kuikana dunia. Usomaji huo si potofu, ila hautoshi. Pate, mji unaoombolezwa humo, ulineemeka kwa biashara ya baharini. Na neno tajiri lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya mfanyabiashara. Mshairi anapoufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, ambayo mwenye kuipanda huambulia hasara, anaihakiki dhana ya utajiri kwa msamiati wa matajiri wenyewe.

Taswira ya magofu huikamilisha hoja hiyo. Madaka yaliyopangwa sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Katika kumbi, mlio wa wadudu umeshika nafasi ya sauti za watu. Lau mshairi angekusudia kudharau mali tu, asingeyasawiri mapambo hayo kwa uangalifu kiasi hicho. Anachokililia zaidi ni maisha ambayo mali iliyatumikia. Kwa mujibu wa utungo huu, basi, utajiri wa nyumba haukuwa vyombo vilivyomo, bali watu waliokutana humo.