Daftari na Riwaya katika Kuwatafuta Wachimbaji wa Wales

Anayewatafuta mababu zake waliochimba mawe ya sleti kaskazini mwa Wales, au makaa ya mawe kusini, huanza na madaftari ya makanisa na ya sensa, ambayo tangu mwaka 1841 yaliorodhesha majina ya watu wa kila nyumba. Mara hukutana na kikwazo: akina John Jones ni wengi mno, na wengi wao ni wachimbaji. Hapo riwaya huvutia. Lakini riwaya ipi yastahili kuaminiwa, na kwa jambo gani?

Iliyovuma zaidi ni How Green Was My Valley (1939) ya Richard Llewellyn, iliyofanywa filamu mwaka 1941. Bonde lake limetazamwa kwa jicho la majonzi, na zamani imepambwa. Mtunzi mwenyewe alidai kuwa mzaliwa wa St Davids, Wales. Kumbukumbu za uzazi zilionyesha kuwa alizaliwa London mwaka 1906. Hapa daftari limemsahihisha mtunzi.

Traed mewn cyffion (1936), yaani «Miguu katika Pingu», ni ya namna nyingine. Kate Roberts, aliyezaliwa Rhosgadfan mwaka 1891, binti wa mchimbaji wa sleti, aliiandika kwa Kiwelisi bila mapambo. Aonyesha ujira usiotabirika, shamba dogo linalosaidia kulisha nyumba, na kijana William anayehamia migodi ya kusini. Basi jina linalopotea katika daftari la kaskazini huenda likapatikana huko. Zito kuliko yote ni tukio la mama, Jane Gruffydd, kupokea karatasi za Kiingereza kuhusu kifo cha mwanawe vitani, asiweze kuzisoma mpaka azipeleke dukani. Sensa ya 1891, ya kwanza kuuliza lugha nchini Wales, humweleza mtu wa hali hiyo kwa neno moja tu: «Kiwelisi». Riwaya yaonyesha neno hilo lilimgharimu nini.

Hata hivyo riwaya hii yakaa zaidi nyumbani. Kazi yenyewe mwambani huonekana kwa nadra. Wala hakuna riwaya iwezayo kuthibitisha nasaba. Daftari humpa mtafiti jina na mwaka. Riwaya njema humfundisha kulisoma daftari hilo, na kutambua ni nini ambacho karani hakukiandika.