Mnunuzi Asiyemiliki

Msomaji, yapo maandishi ambayo mamilioni ya watu huyakubali kila siku wala hawayasomi. Nayo ni mikataba ya leseni inayotangulia michezo ya kompyuta na simu, ambayo vijana wetu huiita gemu. Kazi hiyo ya kalamu yastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote, na kasoro yake kubwa ni hii: dukani husema kuuza, na ndani husema kukodisha.

Mwenye kulipa hudhani amenunua mchezo. Mkataba humwambia, kwa kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, kwamba amepewa ruhusa tu ya kuutumia. Na ruhusa yenyewe mara nyingi ni kwa nafsi yake, si kwa biashara, wala hana idhini ya kuufumua au kuubadili. Huko Mathare vimo vibanda vya mabati ambamo vijana hulipa shilingi chache kwa mechi moja ya kandanda ya televisheni. Kwa masharti ya namna hiyo, kibanda kizima ni uvunjaji wa ahadi ambayo mwenyewe hakujua kuwa ameitoa.

Lakini neno langu hasa ni juu ya kubadili. Tazama matatu zipitazo Barabara ya Juja. Chasisi ya Isuzu hununuliwa, mafundi wa Nairobi wakaijengea bodi, wachoraji wakaipamba kwa sura za wanamuziki. Na hakuna asemaye kwamba kiwanda kiombwe idhini ya kila rangi. (Askari wa barabarani wana maneno yao, lakini hayo ni mengine.)

Mchezo wa simu uitwao Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na Maleo mwaka 2017, humkaribisha mchezaji kupaka basi rangi apendazo na kutia magari aliyoyaunda mwenyewe. Na vijana wa Kenya wakaingiza humo matatu zao. Jambo hilo lapendeza. Hata hivyo ni hisani ya mtengenezaji, si haki ya mchezaji, na hisani huweza kuondolewa. Mwaka 2020, kampuni ya Blizzard ya Marekani ilipoutoa upya mchezo wa Warcraft III, masharti yake yalisema kwamba michezo watakayoiunda wachezaji ndani yake ni mali ya kampuni. Na hali Dota, mchezo uliopata sifa duniani, ulizaliwa mikononi mwa wachezaji hao hao.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikulala kabisa. Ilimruhusu mwenye nakala halali ya programu kusahihisha makosa yake, kuweka nakala ya akiba, na hata kuifumua ili ipatane na programu nyingine. Kwa madhumuni mengineyo iliuachia mkataba ufunguo: lisilokatazwa humo ndilo liruhusiwalo. Huo ni udhaifu, kwa kuwa mwandishi wa mkataba ni upande mmoja tu.

Watengenezaji wana haki ya kulindwa na wezi, na mashindano yalindwe na wadanganyifu. Lakini kunakili mchezo na kuuuza ni jambo moja, na kijana wa Mathare kupaka basi rangi katika simu yake ni jingine. Nayo mikataba huyafunga yote katika katazo moja. Bunge laweza kuyatenga, likisema kwamba mabadiliko afanyayo mwenye nakala halali kwa matumizi yake mwenyewe hayazuiliwi na kifungu ambacho hakupewa nafasi ya kukijadili.