Dawa ya mwili wako peke yako: Ayurveda mbele ya sukari na tansio

Wandugu, wiki iliyopita shangazi yangu alinitumia picha ya chupa tatu za unga zenye alitoka nazo India, kule alienda kutunza macho. Yuko na ugonjwa wa sukari tangu miaka tisa. Walimwambia: hii dawa tulitengeneza kufuatana na mwili wako, haiko ya kila mutu. Sasa ananiuliza: "Mwanangu, niache metformini?"

Miye si dokta, nilisoma takwimu. Lakini niliishi Pune miaka mitatu, na hiyo sentensi ya "mwili wako" naijua, ilinipata na miye.

Nilikuwa na miaka 27, tansio 15 kwa 10. Mama mwenye nyumba akanipeleka kwa muganga wake wa Ayurveda. Musifikiri ni mutu wa chini ya muti: kule wanasoma miaka mitano na nusu, wanapata diplome, na tangu 2014 tiba hizo za asili ziko na wizara yao. Alinishika mukono akisikiliza mishipa, akaangalia ulimi, akauliza nalala saa ngapi, choo inatoka namna gani, kama hasira inanishika haraka. Saa nzima! Kwetu dokta anakuangalia dakika tano na huku anaita mugonjwa anayefuata. Nasema kweli, ile saa moja ilinisaidia. Ilikuwa mara ya kwanza mutu kunieleza kama chumvi, usiku bila kulala na tansio ni mambo ya nyumba moja.

Mwishoni akasema: wewe ni pitta. Ayurveda inafundisha kama kila mutu anazaliwa na muchanganyiko wake wa nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na ugonjwa unakuja huo muchanganyiko ukiharibika. Njo wanaita tiba ya mutu binafsi. Na wazee wao hawakuwa wajinga. Ugonjwa wa sukari waliuita madhumeha, mukojo wa asali, na kitabu cha Sushruta kilishatenga wagonjwa wembamba, wa tangu kuzaliwa, na wale wanene wenye wanaupata juu ya kula na kukaa. Karne nyingi kabla ya insulini!

Shida iko wapi basi? Mwezi wa pili nilienda kwa muganga mwingine, bila kumuambia kitu. Naye akanishika mukono, akasema: wewe ni vata. Chakula chenye wa kwanza alinikataza, huyu akaniamuru nikile. Sasa mwili wangu ni upi? Mizani mbili zikitoa kilo tofauti kwa gunia moja la mahindi, hakuna mama wa soko la Kadutu atasema gunia liko na siri. Ataomba mizani nyingine.

Ubinafsi wa kweli unaanza na kipimo chenye ukirudilia kinatoa jibu lile lile. Sukari ya shangazi ya miezi mitatu, figo zake, umri wake, dawa zingine zenye anakunywa: hiyo pia ni mwili wake peke yake, na maabara mbili nzuri zitapatana.

Watetezi wanajibu kama Ayurveda haiwezi kupimwa kwa utafiti wa kizungu, juu kila mugonjwa anapata dawa yake. Hilo jibu nalikataa. Unawaacha waganga wachague wanavyotaka, halafu unahesabu matokeo. Ilishafanyika Coimbatore, kusini mwa India: wagonjwa 43 wa viungo, waganga wakachagulia kila mugonjwa dawa yake, wengine wakapewa metotreksati ya hospitali, wengine vyote viwili, na mugonjwa hakujua yuko katika kundi gani. Ilichapishwa 2011, na makundi yalikaribiana. Watu 43 ni wachache sana, haitoshi kumuachisha mutu dawa. Lakini inaonyesha kama kupima kunawezekana. Kama unaweza kupima, hupimi, na huku unauza, miye nakuita muchuuzi.

Na unga wenyewe? Mwaka 2008 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya dawa 193 za Ayurveda zenye walinunua kwa intaneti: karibu moja kwa tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki ao aseniki. Zingine zinatiwa madini kwa makusudi, njo desturi yao ya zamani. Figo za mutu wa sukari zishakuwa hatarini bila hayo.

Musinisikilize vibaya. Muzizi wa sarpagandha, wenye Ayurveda inatumia tangu zamani, njo Rustom Jal Vakil wa Bombay aliuandikia mwaka 1949 baada ya kuujaribu kwa wagonjwa wa tansio, na mwaka 1952 maabara ya Uswisi ikatoa ndani yake reserpini, dawa yenye ilizunguka dunia. Ndugu ya huo muti, Rauvolfia vomitoria, anaota katika misitu yetu hapa Kongo, na mizizi yake iliuzwa inje kwa kutengeneza hiyo hiyo dawa. Vakil hakuuliza nani pitta, nani vata. Alipima tansio mbele na nyuma, akaandika.

Mama wa Pune, yeye, aliacha metformini miezi mine. Hakuna mutu alimuambia aache. Walimuambia tu kama dawa ya mwili wake inatosha. Nilimsindikiza hospitalini na kidonda cha muguu, vidole viwili vikakatwa.

Shangazi nilimujibu hivi: metformini usiache hata siku moja bila dokta wako. Ile shauri ya kulala mapema, kutembea na kupunguza wali, fuata, ni nzuri. Ule unga usiuguse kwanza, nitumie picha ya etiketi nisome kuko nini ndani.

Akanijibu usiku: "Haina maandishi mengine, mwanangu. Iko na jina langu tu."