Sauti ya mzee na wale wanaoitikia

Tunataka kusema juu ya tamasha moja dogo ambalo halikuuzwa tiketi. Mjomba wetu wa Kazimia, kwa kuona miaka imemwendea, alitayarisha nyimbo zake zirekodiwe, kadi ya simu iwekwe kwa ajili ya wajukuu na vitukuu. Wazo ni zuri kabisa. Wajukuu wake wengi walizaliwa kambini Nyarugusu, kule Tanzania, kambi iliyofunguliwa 1996 wakati watu wetu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Wengine leo wako Marekani. Kibembe wanasikia kidogo tu, tena kwa taabu.

Lakini kazi ya kwanza, ile ya studio ya Baraka, hatuisifu. Walimuweka mzee peke yake mbele ya mikro, wakamwambia aimbe nyimbo kumi, kila moja dakika tatu, na maneno ya katikati wakayakata. Juu yake wakapiga piano. Mjomba aliposikiliza alisema: « Mwipwa wangu, pale hapana mimi, pale ni piano. »

Alikuwa na haki. Wimbo wa kwetu mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mzee akiimba peke yake, anafika mahali pa kuitikiwa, ananyamaza, anangoja. Studio iliona ule unyamavu ni kosa, ikaujaza. Siti binti Saad alipotoka Unguja mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay, hakwenda peke yake, alikwenda na wapigaji wake. Na kama nyimbo za wakati ule zilikuwa fupi, sababu ni sahani yenyewe: upande mmoja ulibeba dakika tatu na kitu. Simu ya leo inabeba masaa. Sasa tunakata kwa nini?

Kazi ya pili ilifanyika nyumbani, jioni, na simu juu ya kiti. Mbuzi wanasikika, mtoto anakohoa. Shangazi wawili wanaitikia, na katikati ya wimbo mmoja wao anamkatiza mjomba: « Apana, haikuwa vile! » Wanabishana juu ya jina la mtu aliyezama ziwani, alikuwa mtoto wa nani, kwa nini waliimba jina lake. Kwetu sisi hapo ndipo penye mali yote. Mjukuu asiyejua lugha atapata ukoo wake ndani ya ule ubishi, hata kama wimbo wenyewe utampita.

Jambo moja tulishindwa kupatana. Nyimbo za butende mjomba alikataa kuzitia. Tulimwambia kwamba lubunga, pale wanaume walipokaa na kufundishana, si kila kijiji kinayo tena, nani atawafundisha? Akajibu: « Wakizitaka, waje. » Kama walimu tuliona vibaya, maana mtoto wa Marekani hatakuja kwa ajili ya wimbo mmoja. Lakini nyimbo ni zake, na hazikuimbwa mbele ya kila mtu hata zamani. Tulizima simu.

Tumeongeza karatasi yenye majina ya walioimba, mahali na tarehe, kwa sababu kadi bila majina ni sauti ya mtu yeyote. Nakala moja imekwisha kwenda Nyarugusu. Ile ya piano mjomba ameiacha Baraka, hajaenda kuichukua.