Utisho Unakaa Wapi? Athari za Holst, Bluzi na Jazi katika Albamu ya Kwanza ya Black Sabbath (1970)

Ikisiri

Makala hii inahakiki chimbuko la kimuziki la utisho katika albamu ya kwanza ya bendi ya Kiingereza ya Black Sabbath, iliyotolewa tarehe 13 Februari 1970. Kwa kuongozwa na nadharia ya mwingilianomatini, inajadili uhusiano wa albamu hiyo na muziki wa okestra wa Gustav Holst, bluzi ya Wamarekani Weusi, na jazi. Hoja kuu ni kwamba utisho wa albamu hii umejengwa na fani kabla ya kujengwa na maudhui: bendi iliichukua noti ambayo bluzi huipitia tu, ikaifanya mahali pa kutua.

1. Utangulizi

Lester Bangs alipoihakiki albamu hii katika jarida la Rolling Stone mwaka 1970, aliiona kuwa mwigo hafifu wa bendi ya Cream. Baadaye ukazuka mtazamo mwingine, ambao ndio uliozoeleka zaidi leo. Huu huueleza utisho wa albamu kwa mambo yaliyo nje ya muziki: habari za shetani na uchawi, jalada lenye mwanamke aliyevaa nguo nyeusi mbele ya kinu cha maji cha Mapledurham, na jina la bendi ambalo lilitokana na filamu ya Mario Bava ya mwaka 1963. Mtazamo wa kwanza unalisikia deni bila kusikia kilichofanywa kwa deni hilo. Wa pili unaliangalia vazi la wimbo bila kuusikiliza wimbo wenyewe.

Julia Kristeva, akiendeleza mawazo ya Mikhail Bakhtin, aliibua katika miaka ya 1960 dhana ya mwingilianomatini, kwamba kila matini hufyonza na kugeuza matini nyingine. Neno lenye uzito hapa ni kugeuza. Kwa hiyo, haitoshi kuuliza bendi hii ilimsikiliza nani. Yafaa kuuliza pia ilikigeuza vipi kile ilichokisikia.

2. Noti Moja, Nasaba Mbili

Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la bendi na la albamu, unafunguliwa kwa sauti za mvua, radi na kengele. Kisha gitaa la Tony Iommi linapiga noti tatu: G, G ya juu yake, halafu C#. Umbali kati ya G na C# ni traitoni, yaani toni tatu nzima. Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kanisa la Zama za Kati liliupiga marufuku umbali huu kwa kuwa ni wa shetani. Dai hilo halina ushahidi. Usemi wa Kilatini unaouita umbali huo shetani aliye katika muziki unaonekana katika maandishi ya wananadharia wa karne ya 18, nao ulikuwa onyo la kiufundi: umbali huu ni mgumu kuuimba na hauliachi sikio litulie. Anayesema wimbo unatisha kwa sababu noti zake ni za shetani anazunguka palepale alipoanzia.

Nasaba ya kwanza ya noti hizi ni Holst. Geezer Butler, mpiga besi na mtunzi mkuu wa maneno ya bendi, ameeleza kwamba aliupenda mfululizo wa The Planets na kwamba alikuwa akijaribu kuupiga muziki wa "Mars" kwa besi kabla Iommi hajaja na noti zake tatu. Uhusiano huo unathibitishwa na muziki wenyewe. Katika "Mars", uliotungwa mwaka 1914, noti ya G inagongwa bila kukoma katika kipimo cha mapigo matano, huku wapiga fidla wakizigonga nyuzi kwa mti wa upinde badala ya kuzisugua kwa nywele zake. Juu ya mapigo hayo sauti inapanda kutoka G hadi D, kisha inateleza nusu toni hadi Db na kuning'inia hapo. Katika gitaa, Db na C# ni noti moja. Bendi, basi, ilirithi kutoka kwa Holst umbali uleule juu ya msingi uleule wa G.

Nasaba ya pili hutajwa kwa nadra zaidi, ingawa ndiyo iliyowalea wanamuziki hawa. Kabla ya mwaka 1969 kwisha, bendi hii ya Birmingham ilikuwa ikijiita Earth na kupiga bluzi. Katika skeli ya bluzi, noti ya tano hushushwa nusu toni, na noti hiyo ikihesabiwa kutoka G ni C# ileile. Bluzi nayo ilikuwa na shetani wake kabla ya filamu za kutisha kuja. Robert Johnson alirekodi wimbo kuhusu yeye na shetani mwaka 1937. Hivyo, traitoni ya Black Sabbath ina wazazi wawili: okestra ya Kiingereza na gitaa la Wamarekani Weusi.

Tofauti iko katika matumizi. Katika "Sunshine of Your Love" ya Cream (1967), kifungu cha gitaa kinachojirudia kinashuka kutoka A hadi Ab, kisha G, juu ya msingi wa D. Hiyo Ab ni traitoni ya D, lakini ni daraja tu: sikio linaivuka na kufika ng'ambo. Black Sabbath walilivunja daraja hilo katikati. C# yao haiendi popote. Inatetemeshwa, inaachwa ikidumu, kisha G inarudi kana kwamba hakuna kilichojibiwa. Kwa istilahi za uhakiki wa fasihi, hiyo ni taharuki isiyofumbuliwa. Bangs alikuwa na haki ya kuisikia Cream katika albamu hii. Alichokosa ni kusikia kwamba noti iliyokuwa njia kwa Cream imekuwa kituo kwa Black Sabbath.

3. Vidole na Ngoma

Fani ya muziki haitengani na miili ya wapigaji. Akiwa na umri wa miaka 17, Iommi, ambaye hupiga kwa mkono wa kushoto, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika ajali ya kiwandani. Alitiwa moyo na rekodi za Django Reinhardt, mpiga gitaa la jazi aliyeendelea kupiga baada ya moto kumharibia vidole viwili. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa na akatumia nyuzi nyembamba. Si sahihi kudai kwamba ajali ndiyo iliyouzaa mtindo huu. Lakini uchaguzi wa noti chache zinazoachwa zilie kwa muda mrefu unaeleweka vizuri zaidi mtu akiujua mkono uliozipiga.

Jazi imo pia katika ngoma za Bill Ward, aliyewapenda Gene Krupa na Buddy Rich. Katika wimbo wa kwanza Ward haujazi mwendo mzito wa gitaa kwa mapigo ya kawaida ya roki. Anausubiri ukimya unaofuata kila kifungu, kisha anaujibu. Msikilizaji anabaki na mapengo, na katika mapengo hayo ndimo hofu inamokaa. Mwendo unapopanda ghafla karibu na mwisho, mbio hizo zinafanana na za mtu aliyesimama akishangaa kwa muda mrefu na sasa amekumbuka kukimbia.

Ikumbukwe kwamba wanamuziki hawa walirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969, huku Rodger Bain akiwa mtayarishaji. Mvua na kengele ziliongezwa baadaye. Utisho ulikuwa umeshapigwa kabla ya mvua kunyesha.

4. Hoja Kupimwa

Ikiwa utisho ungetokana na maudhui, nyimbo zenye viumbe wa kutisha zingekuwa na utisho uleule. Sivyo ilivyo. "The Wizard", uliochochewa na mchawi Gandalf wa Tolkien, una harmonika ya bluzi na uchangamfu wa barabarani. Katika "N.I.B.", Lusifa mwenyewe ndiye msemaji, lakini anaongea kama mpenzi, na gitaa liko karibu na Cream kuliko lilivyo karibu na Holst, msikilizaji anatikisa kichwa, hatetemeki. "Evil Woman", uliochukuliwa kutoka kwa bendi ya Crow, una uovu katika jina lake tu. Katika wimbo wa kwanza, kinyume chake, msemaji si shetani wala mfuasi wake, bali ni mtu aliyeogopa. Hapo ndipo maneno na traitoni vinapokutana, na hapo ndipo albamu inapotisha kweli. Maudhui yanaipa hofu jina. Fani ndiyo inayoifanya isikike.

5. Hitimisho

Uhakiki unaomtaja shetani na kumsahau mpiga bluzi unawanyima Wamarekani Weusi sehemu yao katika chimbuko la hevi metali. Unaomtaja mpiga bluzi ili kuthibitisha kwamba bendi iliiga tu unawanyima vijana wanne wa Birmingham kazi yao ya kugeuza. Mwingilianomatini unataka haki zote mbili zitolewe kwa pamoja.

Funzo hili linamhusu pia mhakiki wa Kiswahili. Tenzi na mashairi yamepokewa kwa kughaniwa na kuimbwa, na taarabu imejengwa kwa maneno na kwa ala. Mhakiki anayenukuu beti za wimbo na kuyaacha mahadhi yake yuko katika hatari ya kueleza hofu, huzuni au kijembe kwa mambo yaliyo nje ya sauti, ilhali jibu huenda limo katika noti moja iliyokataa kushuka.